Wema Hulipiwa na Nani?

Siku ya pili ya Idi, miaka kadhaa iliyopita, baada ya sinia kuondolewa na kabla ya kahawa kuletwa, kaka yangu mkubwa alimuuliza baba yetu swali mbele ya watu. Alikuwa amekuja kutoka Maskati kwa likizo ya wiki tatu, na kwa muda wa wiki mbili za mwanzo alikuwa mpole kama mgeni. Akasema: "Baba, unisamehe, nina jambo. Ulipoikataa ile kazi ya Maskati watu walisema umejitolea. Ulitoa kitu cha nani?" Wajomba wakatazama mkeka. Baba hakujibu. Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, akauliza kahawa imekwama wapi, na mazungumzo yakahamia kwenye nauli za boti.

Nimeishi na swali hilo tangu siku ile, na ijapokuwa liliulizwa kwa uchungu, na kwa adabu iliyopungua kidogo, sijaweza kuliona kuwa ni la upuuzi. Tumezoea kumsifu mtu aliyeiacha faida yake kwa ajili ya umma. Twamsifu kana kwamba faida ile ilikuwa yake peke yake, mfano wa embe aliloshika mkononi akamkatia jirani. Lakini mwenye mke na watoto wanne hana embe la peke yake. Akitoa, hutoa na vipande vya wengine, na aghalabu wenye vipande hivyo wamelala, au bado hawajajua kuhesabu.

Baba ni mhandisi wa mitambo aliyestaafu. Mtaani humwita Injinia, na wengi wa vijana wanaomwita hivyo hawalijui jina lake. Alizaliwa Ng'ambo mwaka 1948, mtoto wa mchukuzi wa bandarini, na mwaka 1969 alipelekwa masomoni Ujerumani ya Mashariki. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuitambua dola ile, mwaka 1964, na kutokana na urafiki huo zilikuja nyumba za ghorofa za Kikwajuni, walimu, madaktari, na nafasi za masomo kwa vijana wa aina yake. Alianzia Leipzig, katika Taasisi ya Herder, ambako wanafunzi wageni walifundishwa Kijerumani kabla ya kutawanywa vyuoni. Kisha akaenda Dresden kusomea mitambo. Alirudi mwaka 1975 na sanduku moja la nguo na jingine la spana. Dola iliyomsomesha ilitoweka katika ramani mwaka 1990. Spana zingali zipo, zimefungwa katika kipande cha turubai, na kila moja ina mfuko wake.

Kazi aliyopewa ni ya pampu za maji. Msomaji asiyekijua kisiwa hiki huenda akadhani ni kazi ndogo. Unguja haina mto wa maana. Maji yetu yamo chini, ndani ya mwamba wa matumbawe, yakielea juu ya maji ya chumvi, na ukiyavuta kwa pupa chumvi hupanda. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta mjini maji ya Chemchem, huko upande wa Bububu, kwa mfereji, na watu wa zamani walilihesabu hilo kuwa kubwa kuliko majumba yake yote. Lakini mfereji hautoshi mji unapokua. Hapo ndipo inapoingia pampu, na mtu wa kuamka usiku pampu inapolia vibaya. Baba alikuwa akiitambua beringi inayoelekea kufa kwa kuweka ncha ya bisibisi juu ya chuma na sikio lake juu ya mpini. Alitufundisha watoto wake sote kusikiliza hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefuata kazi ile.

Barua ya Maskati ilikuja mwaka 1984. Aliyeiandika ni mwenziwe waliyesoma pamoja Dresden, aliyekuwa amehamia huko. Tangu Sultan Qaboos ashike utawala mwaka 1970, Oman ilikuwa ikijenga kila kitu kwa mara moja, na watu wengi waliozungumza Kiswahili walikuwa wameshapata kazi katika idara zake. Ilitakiwa mhandisi wa mitambo ya maji. Mshahara wake ulikuwa wa namna ambayo baba, kwa maelezo ya mama, aliisoma barua mara ya pili akidhani mwandishi amezidisha sifuri. Nyumba ingetolewa, na skuli ya watoto ingekuwapo. Kwetu, wakati ule, bei ya karafuu ilikuwa imeanza kuanguka, na watu walikuwa wametoka katika miaka ya foleni za unga na sukari, wala hawakuwa bado na uhakika kwamba wameshatoka.

Akakataa. Sababu aliyoitoa kwa wakubwa wake, wakaisimulia mitaani kwa fahari, ni kwamba karafuu za wakulima ndizo zilizomsomesha, na hawezi kuyachukua masomo yale akayauza.

Ama sisi, tuliendelea kuishi. Hatukulala na njaa hata siku moja, na hilo lazima liandikwe kwa haki yake. Mama alishona kofia za viua usiku, kwa taa ya chemni umeme ulipokatika, na kofia moja ikimchukua wiki kadhaa. Dada zangu wawili walisoma skuli moja yenye mikondo miwili, mmoja asubuhi na mwingine mchana, wakawa na jozi moja ya viatu: yule wa asubuhi alirudi mbio ili wa mchana avae. Dada mkubwa alipata nafasi ya chuo cha uuguzi Bara, na nafasi ile ikapita kwa kukosekana fedha ambazo leo ningeona haya kuzitaja kwa udogo wake. Kaka aliondoka mwaka 1996. Alikwenda Maskati, kuendesha gari la mizigo, katika mji uleule ambao angeweza kukulia akiwa mtoto wa mhandisi.

Sasa tulitazame swali lake bila ya kukunja uso. Kwanza tutenge jambo ambalo watu hulichanganya na hili. Lau baba angekataa rushwa, kaka asingekuwa na neno. Pampu mpya zilipoagizwa, wapo waliokuja nyumbani kwetu jioni na bahasha, na bahasha zikarudi nazo zimefungwa. Kwa bahasha zile watoto hawakupoteza kitu, kwani kilichokuwamo hakikuwa chao wala cha baba yao. Hakuna mtoto mwenye haki juu ya mkate ulioibwa. Lakini mshahara wa Maskati ulikuwa halali. Haukuwa umeibwa kwa mtu. Na nadhani kosa la baba, kama ni kosa, lilianzia hapa: alizitazama barua ile na bahasha zile kwa jicho moja. Alizoea kukataa, na kukataa kulikuwa kumeshampa heshima, hata hakuona kwamba safari hii aliyekaa upande wa pili wa meza hakuwa mla rushwa bali ni watoto wake.

Atasema mtu: lakini alikuwa na deni. Nami nakubali kwamba deni lilikuwapo. Anayesomeshwa kwa jasho la watu ana jambo la kurudisha, na wale wanaocheka wakisikia hivi siku hizi wajiulize ni nani aliyelipia kalamu yao ya kwanza. Hata hivyo deni lilikuwa la nani? Alilichukua akiwa na miaka 21, kabla hajaoa. Katika sheria yetu ya mirathi deni la marehemu hulipwa katika mali aliyoiacha kabla urithi haujagawiwa, na mrithi halazimishwi kutia mkono katika mfuko wake mwenyewe. Ikiwa mauti hayamhamishii mwana deni la baba, sembuse uhai? Jibu langu kwa muda mrefu lilikuwa kwamba baba hakugusa mfuko wetu. Kilichoguswa ni wasaa ambao haujawahi kuwa wetu. Mtoto ana haki ya kulishwa, kuvishwa, kufunzwa adabu na kutibiwa. Je, ana haki pia ya maisha bora kabisa ambayo baba yake angeweza kuyapata kwa halali? Sidhani. Lau angekuwa nayo, hakuna mwalimu ambaye angebaki kijijini, wala tabibu ambaye angekaa Pemba, wala mtu yeyote mwenye watoto ambaye angeweza kufanya kazi yenye malipo madogo bila ya kuwa mdhalimu.

Nilidhani hoja hiyo imekimaliza kisa. Nikamwambia dada mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mimi Maskati siikumbuki. Nakumbuka viatu." Akaendelea kuchambua mchele.

Kuna mwanafalsafa wa Kiingereza, Bernard Williams, aliyeandika mwaka 1976 juu ya mtu ambaye, kwa mfano, alimwita Gauguin, jina la mchoraji Mfaransa aliyeiacha familia yake akaenda visiwa vya mbali kuchora. Aliuliza kama kufaulu katika uchoraji kunaweza kumhalalishia mtu yule kuondoka kwake, na akaona kwamba, kama uhalali upo, hauwezi kujulikana siku ya kuondoka. Hungoja matokeo, na matokeo yana bahati ndani yake. Hoja hii ilinisumbua kwa sababu baba alifanya kinyume cha Gauguin. Hakuondoka; alibaki. Na kazi yake haina picha ya kutundikwa ukutani. Pampu ikifanya kazi vizuri miaka 30, ushahidi wake ni kwamba hakuna aliyeifikiria. Hata al-Jazari, bingwa wa mitambo aliyekimaliza kitabu chake cha vyombo vya ajabu mwaka 1206 huko Diyarbakir, akaeleza humo namna za kupandisha maji zilizowashangaza watu hadi leo, tunachokijua juu ya maisha yake hakizidi sana yale aliyoyataja mwenyewe katika utangulizi. Michoro yake tunayo, na maelezo ya saa zake tunayo. Alivyokula mkewe, na kama mwanawe alikuwa na viatu, hapana aliyeandika.

Matokeo ya baba, ikiwa tutayangoja kama alivyosema yule Mwingereza, yalikuja kwa njia ya mshangao. Umeme wa Unguja tangu mwaka 1980 huletwa kutoka Bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kebo ilipokuja, pampu zikategemea umeme, na injini za dizeli zilizokuwa zikiziendesha zikawa za akiba. Baba aling'ang'ania injini moja kubwa ibaki, akaiwasha kila Jumatatu ili ipate joto, miaka nenda miaka rudi, wengine wakimcheka kwa kupoteza mafuta. Umeme ulipozimika kisiwa kizima mwezi wa Mei 2008, kwa muda wa karibu mwezi mmoja, injini ile ilifanya kazi. Mwaka huohuo akastaafu. Waliokuja baada yake hawakuona haja ya Jumatatu. Nisiwalaumu sana: betri zilikufa, mafuta yakawa na kazi nyingine, na hakuna anayelipwa kwa kukinga ubaya ambao haujatokea.

Disemba 2009 umeme ukakatika tena, na safari hii ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu. Aliyekuwapo Unguja wakati ule hahitaji kuelezwa harufu ya mjini, jenereta milangoni, na ndoo. Siku ya nne au ya tano, baada ya Magharibi, kijana mmoja fundi alibisha hodi kwetu. "Shikamoo Mzee. Ile injini ya zamani, bado unaikumbuka?" Baba alikuwa na miaka 61. Alichukua turubai lake la spana akatoka bila ya kula. Walikaa siku 11 wakiifungua. Gasketi alizikata mwenyewe kwa mkasi wa mama. Pampu ya aina ile haivuti maji mpaka kwanza ijazwe maji. Ikizungushwa tupu husaga hewa na kuunguza sili, na vijana walikuwa wameshaiunguza mara mbili kabla ya kumwita. Injini iliwaka, na mtaa mmoja mzima ukapata maji saa chache kila siku hadi Machi.

Mtaa huo haukuwa wetu. Bomba letu lilitoka chanzo kingine, ambacho hakikuwa na injini. Kwa hivyo kwa miezi mitatu baba aliondoka alfajiri kwenda kuwapandishia maji watu asiowajua, bila ya mshahara, na mama alisimama foleni ya kisima cha msikiti na ndoo mbili. Mimi nilikuwa nikifundisha skuli, nikirudi mchana nikimkuta bado foleni. Nakiri kwamba nilikasirika kuliko kaka. Nilidhani naona mwaka 1984 ukirudiwa mbele ya macho yangu.

Je, maji ya Disemba ile yalihalalisha barua iliyokataliwa miaka 25 kabla yake? Wapo waliosema hivyo, na imamu mmoja alimwombea dua baada ya Ijumaa. Mimi sikubali. Aliyekunywa maji yale hakumrudishia dada yangu nafasi ya uuguzi. Faida ilikwenda kwa mmoja na hasara ilikuwa imeshalipwa na mwingine, na huwezi kuzitia katika mizani moja kana kwamba ni za mtu mmoja. Wala sikubali kinyume chake, kwamba injini isingewaka basi baba angekuwa mjinga. Asubuhi alipoijibu barua ile, alikuwa ni mtu yuleyule, ama injini iwake ama isiwake.

Niliacha kutafuta jibu vitabuni, nikamwendea mama. Nilimuuliza kama baba alimtaka shauri. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Aliniuliza. Usiku, watoto mmelala. Nikamwambia, amua wewe." Nikamuuliza yeye alitaka nini. Akasema hakuna aliyemuuliza hilo, hata yeye mwenyewe hakujiuliza. Alilelewa ajue kwamba mwanamume akiuliza jambo kubwa, jibu la mke mwema ni hilo. "Lakini nilikuwa na kofia mkononi," akasema, "nikashona tundu pasipotakiwa. Kesho yake nikaifumua."

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nikilipima jambo kwa kipimo kisichokuwa chake. Nilikuwa nikiuliza kama baba alikuwa na haki ya kubaki. Alikuwa nayo. Lakini kumuuliza mtu ambaye hawezi kusema hapana si kumtaka shauri. Na kunyamaza miaka 40 mbele ya watoto waliolipa sehemu yao, huku ukiwaacha watu wa nje wakusifu kwa kitu kizima, ni jambo jingine tena. Anayetoa kilicho cha wengi hawawii wenzake radhi ya kosa, maana huenda hakukosea. Anawawia hesabu. Awaambie: nilichukua kiasi hiki kutoka kwenu, nilijua nachukua, na hii ndiyo sababu.

Nilimwambia baba haya, si kwa maneno hayo. Mtoto hamwambii baba yake maneno hayo. Nilimwambia mama kanisimulia kuhusu kofia. Tulikuwa barazani, adhuhuri imepita. Sasa amevuka miaka 75, na mkono wake wa kulia hutetemeka, jambo linalomchukiza zaidi kwa kuwa hawezi tena kushika nati ndogo. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani ameagiza kahawa moyoni kama siku ile ya Idi. Kisha akasema: "Karafuu zilikuwa kweli. Lakini hazikuwa zote." Nikangoja. "Kule ningekuwa mfanyakazi. Hapa nilikuwa Injinia. Nikipita njiani, watoto wa watu walikuwa wakifungua mfereji na kunionesha maji."

Kwa hivyo malipo yalikuwapo. Alilipwa kila siku, njiani, kwa sarafu ambayo haikuweza kuletwa nyumbani na kugawiwa. Sisemi hili kwa kumdhalilisha. Sijui mtu yeyote mwema asiyekula kidogo katika wema wake, na pengine bila ya chakula hicho hakuna ambaye angeendelea. Ila tulimdhania amefunga, naye alikuwa akila. Na dada yangu, aliyefunga kweli, hakuna aliyemuombea dua Ijumaa.

Jioni ile baba alinitaka nimpigie kaka simu. Nilipiga, nikampa, nikaondoka barazani kwa kuwa niliona haifai kukaa. Kutoka ndani nilimsikia akianza na hali ya joto la Maskati, kisha sauti ikashuka. Walizungumza kadiri ya muda wa kuchemka birika la chai na kupoa. Aliponirudishia simu, kaka alikuwa bado yupo. Hakuniambia kwamba amesamehe, na baba hakuwa ameomba. Aliniuliza kama pampu ndogo ya tangi la juu bado inavuja, nikamwambia ndiyo. Akasema nisiiguse. Atakuja nayo sili mwezi wa tatu, na baba atamwelekeza.